Vuli Kumi Kabla ya Baruti: Kisa cha Sinagogi ya Atlanta

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kuanzia saa tisa na dakika 37 usiku. Ulikuwa usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 12 Oktoba 1958, mjini Atlanta, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Vijiti vya baruti vipatavyo 50 vililipuka kwenye mlango wa ubavuni wa sinagogi, yaani nyumba ya ibada ya Wayahudi, ya barabara ya Peachtree, ambayo wenyeji huiita kwa ufupi The Temple, yaani Hekalu. Majirani walishtushwa na kishindo, polisi wakazunguka mitaani wasijue kimetokea wapi, na ni mfanyakazi wa usafi aliyefika asubuhi ndiye aliyekuta ukuta umetoboka, matofali na vioo vimetapakaa. Hakuna aliyekufa wala kujeruhiwa. Laiti mlipuko ungechelewa saa chache tu, jengo lingekuwa na mamia ya watoto wa shule ya Jumapili.

Mimi nakianzia mbali zaidi, kwenye siku ya saumu ya Wayahudi ya mwaka 1948. Nimekisoma kisa hiki mara mbili na vijana wa kikundi chetu cha masomo, na mara zote mbili mazungumzo yalinasa kwenye baruti: nani alitega, nani alipiga simu, kwa nini hakuna aliyefungwa. Ni maswali ya haki. Lakini kuna swali jingine lililonikaa moyoni zaidi. Wayahudi wa Atlanta walikuwa na kila sababu ya kukimbia na kunyamaza baada ya usiku ule, maana wazazi wao walifanya hivyo hivyo miaka 40 nyuma. Kwa nini hawa hawakunyamaza? Jibu halimo kwenye kifusi. Limo kwenye mafundisho ya vuli kumi zilizotangulia.

Mwezi wa Tishri

Kalenda ya Wayahudi huweka sikukuu zake nzito ndani ya mwezi mmoja, Tishri, ambao huangukia Septemba na Oktoba. Sisi tukisema vuli tunawaza mvua fupi na shamba la pili. Kule vuli ni majani kupukutika na giza kuingia mapema. Hata hivyo mvua imo pia katika vuli yao: kwa mapokeo, sikukuu zinapofikia ukingoni huombwa mvua, kwa kuwa katika nchi ya Israeli ndipo msimu wake unapokaribia. Mwezi hufunguliwa na Mwaka Mpya, Rosh Hashanah, siku ya kupulizwa baragumu ya pembe ya kondoo dume. Zinafuata siku za toba hadi siku ya kumi, Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, ambapo watu hufunga bila kula wala kunywa kwa saa kama 25. Siku tano baadaye inaingia Sukkot, Sikukuu ya Vibanda, watu wakijenga vibanda vya matawi kukumbuka safari ya jangwani. Mwisho kabisa ni Simchat Torah, Furaha ya Torati: kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinasomwa hadi mstari wa mwisho, na papo hapo Mwanzo inafunguliwa upya, ili somo lisipate mahali pa kukatika.

Kama kanisa linavyojaa Krismasi na msikiti unavyojaa Idi, ndivyo sinagogi inavyojaa siku ya Mwaka Mpya na siku ya Upatanisho. Asiyeonekana mwaka mzima, siku hizo yupo na familia yake. Rabi mwenye neno zito huliweka akiba kwa ajili ya siku hizo. Huo ni utaratibu wa kawaida wa masinagogi, na ndio ufunguo wa kwanza wa kisa chetu.

Ufunguo wa pili umo katika ibada yenyewe ya siku ya kufunga. Maungamo yake husemwa kwa wingi: tumetenda, tumekosa, tumepotoka. Mtu hasimami pale kuungama ya kwake peke yake; anaungama pia uovu ambao mkono wake haukuugusa, kwa sababu umetendwa ndani ya jamii yake naye yupo. Asubuhi ya siku hiyo husomwa Isaya, sura ya 58, ambapo nabii anawakemea watu waliokwisha kufunga wakidhani wamemaliza kazi: “Je! Saumu niliyoichagua, siyo ya namna hii? Kufungua vifungo vya uovu, kuzilegeza kamba za nira, kuwaacha huru walioonewa, na kwamba mvunje kila nira?” Mstari unaofuata unataja kumgawia mwenye njaa chakula chako na kumleta nyumbani kwako maskini aliyetupwa nje. Watu wanasikia maneno haya tumbo likiwa tupu na midomo imekauka. Aliyepanga usomaji huo alijua anachokifanya.

Kuna na sheria ya zamani, ya Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, katika sehemu inayohusu siku hiyo. Inasema makosa kati ya mtu na Mungu husamehewa siku ya Upatanisho. Makosa kati ya mtu na mwenzake hayasamehewi mpaka kwanza amwendee mwenzake na kupatana naye. Sasa lichukue fundisho hilo ulipeleke Atlanta ya mwaka 1948, mji ambao sheria na desturi ziliwatenganisha weusi na weupe shuleni, ndani ya basi, kwenye mgahawa, hata chooni. Unamwendeaje mwenzako kupatana naye, na hamruhusiwi kukaa meza moja?

Kaburi la mwaka 1915

Mkutano huu wa waumini ulianzishwa mwaka 1867, na ndio mkongwe kuliko yote ya Kiyahudi mjini humo. Kwa miaka 51, kuanzia 1895 hadi 1946, uliongozwa na rabi David Marx, mtu wa mageuzi ya kale, yaani mrengo wa Uyahudi uliolegeza desturi nyingi za zamani, aliyetaka Wayahudi wa Atlanta waonekane ni raia wa Kusini kama wengine, tofauti yao ikiwa ni mahali pa kusali tu. Haikuwa rahisi kumlaumu. Mmoja wa waumini wake alikuwa Leo Frank, msimamizi wa kiwanda cha penseli, aliyehukumiwa mwaka 1913 kwa mauaji ya msichana wa miaka 13 aliyefanya kazi kiwandani hapo. Kesi iliendeshwa huku umati ukipiga kelele nje ya mahakama. Gavana alipotilia shaka hukumu na kuibadilisha kutoka kifo kuwa kifungo cha maisha, kundi la wanaume lilimtoa Frank gerezani usiku, likamsafirisha hadi Marietta na kumnyonga juu ya mti, tarehe 17 Agosti 1915. Miongoni mwao walikuwemo watu wenye vyeo, na hakuna aliyeshtakiwa. Jimbo lilitoa msamaha mwaka 1986, miaka 71 baadaye.

Familia nyingi hazikuwahi kulisimulia jambo hilo kwa watoto wao. Hofu hairithiwi kwa kusimuliwa tu. Inarithiwa pia kwa kunyamaziwa. Mtoto anaona baba akishusha sauti mgeni akiingia dukani, naye anajifunza kushusha sauti. Wengi wa waumini walikuwa wafanyabiashara na wataalamu waliotegemea wateja weupe wa mji. Kwa watu hao, kutojihusisha na suala la rangi kulikuwa ndiyo bima yao.

Mtu aliyekuja mwaka 1946

Jacob Rothschild alizaliwa Pittsburgh, akasomea urabi Cincinnati, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa rabi wa jeshi huko Guadalcanal, kisiwa cha Pasifiki, kwenye mapigano yenyewe. Alipofika Atlanta mwaka 1946, Marx alikuwa amestaafu lakini bado yupo mjini, akiheshimiwa na kusikilizwa. Kijana kutoka Kaskazini anaingia kwenye nyumba ya mzee wa miaka 51 ya utumishi. Kila aliyewahi kuhamishiwa kanisa au msikiti wenye mzee wake anaujua uzito huo.

Alikuwa na njia tatu mbele yake. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Angeweza kupanda mimbarini mwaka wa kwanza, akamwaga yote, kisha akafukuzwa kabla ya Pasaka. Alichagua ya tatu, ambayo naiona ngumu kuliko zote: kusema, kisha kubaki, kisha kusema tena vuli iliyofuata.

Tarehe 13 Oktoba 1948, siku ya Upatanisho, alihubiri juu ya kile alichokiita dhambi kubwa zaidi. Alizungumzia chuki ya rangi iliyokuwa ikikua Kusini na akawageuzia waumini wake uso. Waovu wanajulikana, na ubaya wao unajulikana. Lakini watu wema wanaoona na kunyamaza, hao nao wana hesabu ya kutoa. Tazama alivyolipanga. Hakuleta siasa kutoka nje akaichomeka kwenye ibada. Watu walikuwa wamekwisha kusema kwa vinywa vyao “tumekosa”, wamekwisha kumsikia Isaya. Yeye aliwauliza tu maneno hayo yana maana gani kwenye barabara ya Peachtree. Mwenye kutaka kumpinga alilazimika kwanza kubishana na kitabu chake mwenyewe cha sala.

Walikuwepo waliompinga, na sauti zao hazikuwa ndogo. Walimwambia anahatarisha biashara na watoto wao. Namshukuru kwamba hakuwadharau; alijua hofu yao imetoka wapi. Lakini alirudi. Mahakama ya Juu ilipotamka Mei 1954 kwamba kutenganisha wanafunzi kwa rangi kunavunja katiba, alisema kwamba sasa ni sheria ya nchi na lazima ifuatwe. Mwaka hadi mwaka, Tishri ikiingia, waumini walijua kwamba jambo hilo litaguswa.

Chakula cha mchana

Mahubiri ya mara moja kwa mwaka hayabadilishi mtu, hata yawe mazuri namna gani. Wanaosimulia kisa hiki hupita haraka sana hapa, na mimi naona hapa ndipo kazi yenyewe ilipofanyika.

Rothschild aliligeuza Hekalu kuwa mahali pa kusoma. Kila mwaka aliandaa siku ya mafunzo kwa ajili ya wachungaji wa Kikristo wa mjini, wakaja kujifunza Uyahudi kutoka kwa Myahudi mwenyewe badala ya kuusikia kwa watu wengine. Kisha akafanya lililokuwa la hatari zaidi: aliwaalika viongozi weusi kuja kufundisha katika mikutano ya masomo iliyoambatana na chakula cha mchana. Mmoja wao alikuwa Benjamin Mays, rais wa Morehouse College, chuo cha weusi mjini humo, mwalimu aliyemlea Martin Luther King, kiongozi wa harakati za haki za weusi, alipokuwa mwanafunzi pale. Baadhi ya waumini walilalamika. Chakula kiliendelea kupakuliwa.

Fikiria maana yake. Katika mji ule Mwafrika-Mmarekani aliingia ukumbi wa weupe akiwa amebeba sinia. Hapa msomi mweusi ameketi, anapakuliwa, kisha anasimama kufundisha, na mama wa Kiyahudi aliyekulia Georgia anaandika anachosema. Chumba kile kilikuwa kimeanza kujibu lile swali la Mishna.

Mwaka 1957 wachungaji 80 wa Kiprotestanti walitoa tamko gazetini, Novemba, wakitaka sheria iheshimiwe, shule zisifungwe na watu wa rangi zote wazungumze. Rothschild alisaidia kuliandaa. Hakutia saini, kwa kuwa liliandikwa kwa lugha ya imani ya Kikristo, na hakutaka kujifanya. Aliandika makala yake mwenyewe kuliunga mkono. Ni jambo dogo, lakini kwangu linaonyesha mtu aliyejua kwamba unaweza kusimama na jirani bila kuvaa kanzu yake.

Hakuwa mtu wa maandamano. Aliamini neno, kamati, simu kwa mhariri, mazungumzo na meya. Vijana wa kikundi chetu walimlaumu kwa hilo, na sitamtetea kwa kila kitu. Wanafunzi weusi wa Atlanta walipoanza mwaka 1960 kukaa kwenye migahawa iliyowakataza, waliusukuma mji mbali kuliko hotuba yoyote. Ninachosema ni kwamba kazi yake ilikuwa nyingine, ya kuwafundisha watu waoga kusimama, na kazi hiyo haina njia ya mkato.

Tishri ya mwaka 1958

Mwaka 1958 Rosh Hashanah iliangukia tarehe 15 Septemba. Siku tatu kabla, Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba shule za Little Rock, Arkansas, haziwezi kuahirisha kuchanganya wanafunzi eti kwa sababu ya ghasia. Gavana wa jimbo hilo akazifunga sekondari za mji. Maelezo kamili ya uamuzi, yakiwa na majina ya majaji wote tisa, yalitoka tarehe 29 Septemba, siku ya kwanza ya Vibanda. Georgia nayo ilikuwa na sheria za kuinyima fedha shule yoyote ambayo ingechanganya watoto. Kila mzazi wa Atlanta, wa rangi na dini yoyote, alikuwa akijiuliza kama mwanawe atakuwa na shule.

Wakati huo huo baruti ilikuwa imeanza kusogelea masinagogi. Kati ya Novemba 1957 na Aprili 1958 ilitegwa katika majengo ya Wayahudi huko Charlotte, Gastonia, Miami, Nashville, Jacksonville na Birmingham. Ya Birmingham, vijiti 54, haikulipuka. Si yote yaliyolengwa yalikuwa na rabi mwenye kauli kali. Waliotega waliamini kwamba Wayahudi ndio wanaowachochea weusi, kana kwamba mtu mweusi asingejua mwenyewe kwamba anaonewa.

Sikukuu zikaisha. Torati ikafikishwa mwisho na Mwanzo ikafunguliwa. Katika kalenda ya Kiyahudi, Sabato ya kwanza baada ya hapo ni ya sura za mwanzo kabisa za Biblia, na mwaka ule iliangukia Jumamosi tarehe 11 Oktoba. Ndani ya sehemu hiyo imo habari ya Kaini na jibu lake alipoulizwa alipo Habili: “Sijui, mimi ni mlinzi wa ndugu yangu?” Sabato iliisha jua lilipozama. Kabla jua halijachomoza tena, mlango wa ubavuni ulikuwa umelipuliwa.

Ijumaa iliyofuata

Mtu aliyejiita Jenerali Gordon, wa kikundi alichokitaja kama jeshi la siri la waasi wa Kusini, alipiga simu kwenye shirika la habari kudai kwamba ni wao, na kutisha kwamba jengo linalofuata halitakuwa tupu. Meya William Hartsfield alifika mapema kwenye kifusi. Ipo picha yake akiwa na Rothschild, wanaume wawili wenye suti wakitazama matofali. Meya hakuishia kulaani waliotega. Aliwataja wanasiasa wachochezi kuwa ndio walezi wa watu wa namna hiyo. Rais Eisenhower alilaani, na wapelelezi wa serikali kuu wakaja. Ralph McGill wa gazeti la Atlanta Constitution aliandika tahariri akiliunganisha Hekalu na shule ya Clinton, Tennessee, iliyolipuliwa wiki moja kabla, akisema chuki ikishafunguliwa dhidi ya watu wa aina moja hakuna aliye salama. Tahariri hiyo ilichangia kumpa tuzo ya uandishi ya Pulitzer mwaka 1959.

Wanaume watano, wenye uhusiano na chama cha wabaguzi, walishtakiwa. Wa kwanza alipofikishwa mahakamani, wananchi walioteuliwa kuamua kesi hawakuafikiana. Aliposhtakiwa tena, Januari 1959, aliachiwa huru. Wenzake hawakuhukumiwa. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Lakini twende Ijumaa, tarehe 17 Oktoba, ibada ya jioni ya kwanza baada ya mlipuko. Ukumbi mkuu ulikuwa umesalimika kiasi cha kutumika. Mbele ya jengo lenye kovu ubavuni, kwenye ubao wa matangazo unaoonekana na kila apitaye Peachtree, kiliandikwa kichwa cha mahubiri: maneno ya nabii Mika, sura ya 4, wala hapana mtu atakayewatia hofu. Ubao wenyewe ulikuwa ushujaa. Siku tano baada ya baruti, wakati waliotega hawajulikani vizuri, mtu anaweka herufi kubwa barabarani kutangaza saa ya ibada na neno “hofu”.

Watu walijaa kama siku ya Upatanisho, wakazidi. Rothschild aliwatazama akasema kwa mzaha kwamba kumbe hiki ndicho kinachohitajika ili waje Hekaluni. Kisha akahubiri kwamba pazia la hofu limeondoka, na kwamba kutoka kwenye kifusi kile, pamoja na watu wote walioamshwa na uovu ule, watausimamisha mji na nchi ambamo watu wote ni ndugu kweli. Hakurudi nyuma hata hatua moja kutoka 1948. Na waumini, wale wale waliokuwa wakimwomba apunguze sauti, hawakumwondoa. Hawakuhama. Mkewe, Janice, aliyeandika juu ya siku zile baadaye, aliliita bomu lililoponya.

Naelewa kwa nini aliliita hivyo. Mwaka 1915 gavana aliyemwokoa Frank alilazimika kuikimbia Georgia, na walionyonga walirudi nyumbani kunywa kahawa. Mwaka 1958 meya, magazeti, makanisa na Ikulu walisimama upande wa walioshambuliwa. Makanisa yalitoa majengo yao, watu wakatuma michango. Kwa mara ya kwanza Wayahudi wa Atlanta waliona kwamba mji ungeweza kuwa wao. Lakini bomu peke yake haliponyi. Lingewakuta hawana maneno, lingewarudisha kwenye ukimya wa wazazi wao. Liliwakuta wamekwisha kufundishwa kwamba kinachowapata wao na kinachompata jirani mweusi ni jambo moja, wamelisikia kila vuli, wengine wakilipenda na wengine wakilichukia, ila wamelisikia.

Kuna na upande mchungu, na sitaki kuupita. Tarehe 10 Januari 1957, mjini Montgomery, makanisa manne ya weusi na nyumba mbili za wachungaji zililipuliwa usiku mmoja. Ghadhabu ya nchi haikuwa na uzito huu. Hekalu lilikuwa jengo zuri, kwenye barabara ya matajiri, na waumini wake walikuwa na ngozi nyeupe. Huruma ya mji ilijua njia ya kufika pale. Rothschild mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliojua kwamba deni hilo lipo.

Meza

Miezi saba baada ya mlipuko, tarehe 13 Mei 1959, Tom Mboya wa Kenya alikaribishwa Atlanta kwa chakula cha jioni cha heshima, na King akahutubia. Kilifanyika Chuo Kikuu cha Atlanta, taasisi ya weusi. Hoteli kubwa za katikati ya mji hazikuwa mahali pa mgeni kama yeye.

Agosti 1961 wanafunzi tisa weusi waliingia katika sekondari nne za weupe mjini, kwa amani, baada ya miaka ya vitisho vya kuzifunga. Mwaka 1963 Rothschild ndiye aliyemtambulisha King mbele ya mkutano mkuu wa masinagogi ya mageuzi huko Chicago. King alipopata tuzo ya Nobel, wazee wa Atlanta walisitasita kumpongeza hadharani; Rothschild, McGill, Mays na askofu mkuu Mkatoliki Paul Hallinan waliandaa karamu wao. Tarehe 27 Januari 1965 weusi na weupe wapatao 1,500 walikula pamoja katika hoteli ya Dinkler Plaza, Rothschild akiongoza shughuli. Miaka mitatu baadaye, King alipouawa, ni rabi huyu aliyetoa hotuba ya maombolezo katika ibada ya mji mzima kanisani St. Philip. Alifariki tarehe 31 Desemba 1973.

Vijana wetu walitaka kuishia kwenye karamu ya 1965. Niliwasomea jambo moja la kabla yake. King alikuwa amerudi kuishi Atlanta mwaka 1960, na familia hizo mbili zikazoeana. Usiku mmoja wakina King walialikwa kula nyumbani kwa Rothschild, mtaa wa weupe. Wakachelewa. Janice alikuja kusimulia kwamba gizani hawakuweza kusoma namba za nyumba, ikabidi waulize kwa jirani. King akawaomba radhi wenyeji wake na kuwatuliza: wasiwe na wasiwasi kuhusu majirani. Yeye alibaki kwenye gari, akamwacha mkewe Coretta ashuke kugonga mlango, ili majirani hao wadhani wamekuja kuhudumu kwenye sherehe.